Radhi Aliyoniombea Leonsia

Mama alizikwa Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, na kabla ya alasiri Leonsia alikuwa ameshafika kwetu Gongoni, Tabora mjini, kutoka Usoke, kiroba cha michembe ya viazi vitamu kichwani, kuku wawili mkononi, vumbi mpaka magotini. Mimi ndiye mtoto pekee wa marehemu. Nilikuwa nimekaa ndani mkekani, nimejitanda kanga, nikipokea pole kwa kutikisa kichwa kwa sababu kila nilipofungua mdomo hakikutoka kitu. Leonsia aliingia, akapiga goti mbele ya kila bibi aliyekuwemo, akampa kila mmoja neno lake. Huyu alimwuliza hali ya mguu, yule akamkumbusha jinsi marehemu alivyokuwa akiisifia mboga yake. Halafu akalia. Alilia vizuri, kama anavyofanya kila kitu vizuri, na wanawake wawili waliokuwa wamenishika mimi wakaniachia, wakaenda kumshika yeye. Mgeni mmoja aliyetoka Igunga akamwinamia jirani yake akauliza, nami nikisikia, "Huyo ndiye binti wa marehemu?" Nimevuka miaka arobaini sasa. Nina cherehani tatu na wanafunzi wa kushona, na watu wa mtaa wetu huniletea mabinti zao niwafunze kazi. Nilidhani wivu ule nimeuzika zamani. Kumbe siku ninayomzika mama yangu ndiyo siku uliyochagua kuniamkia.

Mambo ya ukoo wetu, na jinsi nilivyouanza unga wa kulevya Dar es Salaam, nitayaacha. Watu wameshayasema, mengine ya kweli. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na saba, mwaka niliokaa katika nyumba ya matibabu nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara inayoelekea magharibi. Nyumba ile zamani ilikuwa ya mfanyabiashara wa asali. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene, madirisha madogo, na chumba tulichofundishiwa kilikuwa ghala, kiasi kwamba siku za joto kuta zilitoa harufu ya nta na nyuki waliingia wakazunguka juu ya vichwa vyetu, wasipate kitu, wakatoka. Wanaume walikuwa tisa. Wanawake tulikuwa wawili, mimi na Leonsia, tukapewa chumba kimoja chenye vitanda viwili vya chuma. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Usoke. Alikuwa akihudumia wateja kwenye hoteli ya barabarani Igunga, pale malori yanapopumzika, na huko ndiko dereva mmoja alikomwonjesha unga. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wiki ya kwanza, tulipokuwa wote na arosto ya kukosa unga, miili inauma mpaka kwenye nywele, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza mimi kama nimepata maji.

Mwili ulichukua wiki chache kutulia. Miezi yote iliyobaki tulifundishwa kuishi na watu. Mwalimu wetu aliitwa Salome, Mmoravian, nesi mstaafu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Masomo yale aliyaita stadi za maisha, na siku ya kwanza alituambia, "Teja anabaki na maneno matatu: naomba, nitarudisha, naapa. Mengine yote ameyasahau. Tutayatafuta humu ndani, moja moja." Akaanza na kusalimia. Nilicheka. Mtoto wa Gongoni, nani wa kunifundisha shikamoo? Mwalimu akaketi akasema, "Mimi ni shangazi yako. Hujaniona miaka mitatu, na siku uliyoondoka uliondoka na redio yangu. Haya, ingia." Niliingia mara nne. Mara ya kwanza niliangalia miguu yangu. Mara ya pili niliongea mbio kama muuza karanga wa stendi. Mara ya tatu nilianza kujitetea kabla hajaitikia marahaba. Mara ya nne nilikasirika nikatoka nje kabisa. Leonsia aliingia mara moja tu. Alisimama mlangoni mpaka akakaribishwa, akapiga goti, akaamkia, akangoja. Hakuongeza neno. Kungoja kwake kulikuwa na adabu kiasi kwamba Kassim, fundi redio aliyekuwa na ulimi mchafu kuliko sisi wote, alijikuta anaitikia marahaba wakati hakuamkiwa yeye. Chumba kizima kilicheka kwa furaha. Mimi nikatazama ukuta.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Tulijifunza kumsikiliza mtu mpaka amalize. Tulijifunza kukataa: Kassim alicheza rafiki wa kijiweni anayekuja na kete ya unga mfukoni, nasi tunatakiwa kumwambia hapana bila kumtukana na bila kukaa naye kubishana. Mimi nilimtukana. Leonsia alimwambia, "Kaka Kassim, nimefurahi kukuona u mzima. Mimi nimeacha. Naenda," akaenda kweli, akatoka mlangoni, akatuacha tunamtazama Kassim aliyesimama na mkono wake mtupu. Tulijifunza hata kusifiwa, maana mtu aliyezoea kutukanwa, ukimsifu hutafuta mtego. Katika hilo Leonsia hakuwa na mshindani, alisema ahsante akainamisha kichwa. Mezani mambo yalikuwa yaleyale. Tulikula ugali na mlenda, au dagaa, Ijumaa wali, na mvua zilipoanza tulikula uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga. Tulipokezana zamu ya kupakua. Leonsia akipakua, watu walisema leo chakula kitamu. Nikipakua mimi kutoka sufuria ileile ya mpishi yuleyule, walikula kimya. Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nacheka ninapoandika. Lakini siku zile niliinua kijiko nikihesabu ni nani amemshukuru yeye na nani amenishukuru mimi, na chakula kilinishinda.

Siku moja nilikuwa naanika nguo nyuma ya jiko nikamsikia Mwalimu Salome akizungumza na mpishi, Bibi Kalunde. Alisema, "Huyu Leonsia angeweza kuirithi kazi yangu." Bibi Kalunde akauliza, "Na mwenzake?" Nilisikia maharage yakianguka kwenye bakuli. "Mwamvua anajifunza maneno," akasema Mwalimu. "Bado hajaanza kujifunza watu." Nilisimama pale na shuka lililolowa mikononi, maji yananitiririkia miguuni. Nimewahi kuitwa mwizi, nimewahi kuitwa mzoga, na hayo niliyameza. Hili la Mwalimu lilinikaa kooni. Na katika akili yangu ya wakati ule, aliyelisema hakuwa Mwalimu, alikuwa Leonsia.

Yote hayo ningeyavumilia kama si mama. Jumapili ilikuwa siku ya wageni, na mama hakukosa hata moja. Alikuja kwa miguu kutoka mjini, hotpoti limefungwa kwenye kitambaa, tunaketi barazani, naye anauliza nimelalaje, mimi najibu salama, kisha tunatazama barabara. Kulikuwa na jambo kati yetu. Kabla sijaletwa pale niliuza cherehani yake, ile aliyonilelea. Nilimwambia imekwenda kwa fundi. Kwa miezi minne mama aliendelea kumwuliza yule fundi. Nilitakiwa kumwomba radhi, Mwalimu alinikumbusha kila juma, na kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Leonsia hakuwa na mgeni. Baba yake alikuwa ametuma neno kwamba asikanyage Usoke. Basi Jumapili ya tano au ya sita alipita barazani na ndoo, akasimama, akapiga goti akamwamkia mama kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Mama alishtuka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa shamba, na tangu afariki hapakuwa na mtu wa kumwamkia mama hivyo. Mimi Kinyamwezi sikijui zaidi ya maneno ya sokoni. Mama akaitikia, akacheka, akauliza, akajibiwa, wakaongea mimi nikiwa katikati yao kama kizingiti. Wiki iliyofuata mama alikuja na mahotpoti mawili. Aliyafungua yote mbele yangu, nikaona: nyama ya kwangu na nyama ya Leonsia zilikuwa sawasawa. Nilichunguza. Ndiyo, nilichunguza vipande.

Mwezi wa saba wa kukaa kwetu Mwalimu aliita ndugu zetu waje washiriki somo la kuomba radhi. Mama alipewa kiti mbele. Mwalimu aliniita jina. Nilisimama, nikasema siwezi leo, nikaketi. Mwalimu, kuiokoa siku, akasema, "Basi Leonsia atuonyeshe mfano. Mama Mwamvua, samahani, utacheza mama." Leonsia alinitazama kwanza. Nakumbuka hilo, alinitazama kama anayeomba ruhusa, nami nikageuza uso. Akaenda akaketi chini miguuni pa mama yangu. "Mama," akasema, "nimeuza cherehani yako. Nilikudanganya iko kwa fundi. Ulikuwa unakwenda kuiulizia na mimi ninakuona dirishani unavyokwenda. Sina cha kukupa leo. Nimekuja kukuambia tu kwamba nilikuwa nakuona." Maneno yale yalikuwa yangu. Nilimwambia mwenyewe, siku tunafua nguo, kwamba nilikuwa namwona mama dirishani. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine duniani. Mama alisahau kwamba ni igizo. Alimshika Leonsia kichwa kwa mikono miwili akakiweka pajani pake, akalia kwa sauti, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, nimekusamehe zamani." Wanaume walijifuta macho. Kassim alitoka nje. Na mimi, mwenye kosa, mwenye mama, mwenye radhi ile, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma nikitazama msamaha wangu ukipewa mtu mwingine.

Leonsia alinifuata chumbani. "Dada Mwamvua, nilitaka kukufungulia njia tu. Sasa wewe ukienda itakuwa rahisi." Nilimwambia, "Umenimalizia mama yangu." Leo najua alisema kweli, alitaka kunisaidia, na pia najua kwamba pale pajani pa mama hakuwa anacheza. Mtu aliyefukuzwa kwao, akishikwa kichwa namna ile, ataachaje kulala hapo kidogo?

Haukupita mwezi. Waliofanya vizuri walikuwa wakiruhusiwa kwenda kukaa uraiani kwa miezi mitatu ya majaribio, ila lazima awepo mwenyeji wa kuwapokea. Niliwasikia Mwalimu na mama ofisini. Dirisha lilikuwa wazi nami nilikuwa nachambua mchele kibarazani. Mama alisema, "Nyumbani nina chumba kimoja tu kilicho wazi. Kama Leonsia hana pa kwenda, mleteni kwangu aanze yeye. Huyu wangu bado. Akija sasa tutatazamana tu." Mwalimu akauliza, "Mwamvua atalipokeaje?" Mama akasema, "Ataelewa." Chumba kile nilizaliwa ndani yake. Niliweka ungo chini. Mchele ukamwagika, nikauokota wote, punje kwa punje, na nilipomaliza kuokota nilikuwa nimeshajua nitakalosema.

Nilisema kwamba nimemwona Leonsia akipokea kitu kwenye ukuta wa nyuma kutoka kwa kijana wa bodaboda. Nililisema kwa utulivu, nikimtazama Mwalimu machoni, bila haraka, nikingoja amalize kuuliza kabla sijajibu. Lilikuwa somo la kwanza nililofaulu. Walipekua chumba chetu, wakakung'uta godoro, hawakuona kitu. Lakini katika nyumba ile shaka tu ilitosha: mtu anarudi mwanzo, hatoki, halindwi na sifa zake za jana. Leonsia aliitwa darasani mbele yetu wote. Mwalimu akamwambia, "Sema, mwanangu." Yule aliyekuwa na neno la kila mtu hakuwa na neno. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akatazama mikono yake. Kassim ndiye aliyesema, "Mimi siamini." Hakuna aliyemfuata. Asubuhi ya pili kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa pembe nne. Alikuwa amekwenda stesheni, kwa garimoshi la Usoke, kwa baba aliyemkataza kukanyaga. Baada ya wiki tatu mama alikuja kunichukua.

Nililala katika chumba changu, na nilikula chakula cha mama, hotpoti moja. Ningependa kusema nilifurahi hata siku moja. Kila mama aliponyamaza nilidhani anamuwaza yeye. Alipokwenda sokoni kununua maharage ya Usoke nilidhani anayanunua kwa sababu ya jina. Nilimwonea wivu mtu asiyekuwepo, na huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu asiyekuwepo hakosei. Mwezi wa pili nikaota ladha ya unga mdomoni, nikaamka, nikajua nikikaa na siri hii nitarudi kijiweni. Nilimwambia mama kwanza. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikamwambia Leonsia hakupokea kitu, nilitunga mimi. Mama alimimina chai mpaka kikombe kikafurika kwenye kisosi, akasema, "Haya. Nenda Usoke ukamwambie mwenyewe." Na cherehani? Nilimwomba radhi hapo hapo, vibaya, kwa kukohoa, na yeye akasema, "Nimesikia, kunywa chai."

Nilimkuta Leonsia kwenye bani la baba yake, banda la kukaushia tumbaku, amekaa juu ya gunia, anafunga majani mabichi kwenye vijiti vya kuanikia. Baba alikuwa amempokea kwa sharti moja: afanye kazi, asiseme naye. Mwalimu alitufundisha hatua za kuomba radhi, taja kosa, usijitetee, usidai jibu. Nilizisahau zote. Nilisema, "Nilikuonea wivu. Nilikuonea wivu tangu siku ya redio ya shangazi. Nilikusingizia." Nikaanza kulia, naye akaniacha nilie. Nilingoja anishike kichwa. Nilingoja aseme moja ya yale maneno yake. Akasema, "Nimesikia," akanisogezea kamba. Tukafunga majani mpaka jua lilipoinama, bila mazungumzo, mikono yangu ikawa myeusi kwa utomvu. Nilipoondoka alisema tu, "Mkono wa tumbaku usifikichie macho." Nilirudi kwa Mwalimu nikamweleza yote, naye mwenyewe alikwenda Usoke kumsafisha jina. Akamwomba arudi. Leonsia hakurudi. Alibaki shambani, akaolewa na fundi baiskeli, akazaa watatu, na hajagusa unga tena mpaka leo, kama mimi. Miaka ilivyokwenda tulianza kutembeleana, Iddi kwetu, Krismasi kwao. Sikumwuliza kama amenisamehe, na yeye hakusema.

Jumapili iliyopita, hitima ilipokwisha na wageni wakapungua, tulikuwa uani mimi na yeye tunasugua masufuria makubwa ya kuazima kwa majivu. Wivu wa siku tatu ulikuwa umenijaa mpaka shingoni. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, "Mama alikupenda sana wewe." Leonsia akaacha kusugua.

"Dada, mama alinifuata stesheni," akasema.

"Lini?"

"Siku ile naondoka. Mwalimu alimpelekea habari, akakimbia stesheni, kiatu kimoja kimekatika. Akaniambia, 'Najua hukupokea kitu. Namjua mwanangu akisema uongo.' Nikafurahi. Nikamwambia, basi twende, mayu, ukawaambie. Akanishika mikono. Akasema, 'Nikiwaambia, watamfukuza. Wewe ukianguka utasimama. Yule wangu akianguka safari hii sitamwokota tena. Niachie nimchukue.'"

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye sufuria. Nilimwuliza, "Ukasemaje?"

"Ningesemaje? Nikapanda garimoshi. Kila mwaka alikuja Usoke kuniomba radhi. Wewe alikuambia anafuata maharage." Akachota majivu, akarudia kusugua, polepole. "Miaka yote hii najiuliza, mtu anapendwaje hivyo. Mpaka mama wa mtu, mcha Mungu, anamdhulumu mtoto wa mwenzake mchana kweupe. Nilikuwa nakuonea wivu, dada. Bado."

Tulimaliza masufuria tukayapanga. Asubuhi nilimsindikiza stendi, nimemshikia begi, na njia nzima hatukusema zaidi ya habari za mvua. Basi lilipowashwa nikamwuliza kama atakuja kwenye arobaini.

"Nikikaribishwa," akasema.

"Njoo siku mbili kabla," nikamwambia. "Chumba nitakuachia wewe, mimi nitalala ukumbini." Nililisema huku moyo ukinivuta nyuma, kwa kuwa ni chumba changu na mama ni wangu, na basi likaondoka kabla sijapata nafasi ya kulirudisha neno.